Hedifoni za Baba

3 Februari

Mwanangu Kasuku,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Hujambo? Kile kifua kimepoa? Kama bado unakohoa usijitie ushujaa, nenda ukapimwe. Mimi sijambo, ila mgongo tu, si unajua kuinamia cherehani. Baba yako ni mzima kupita kiasi, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Tangu astaafu kule kiwanda cha magazeti, nyumba hii haikaliki. Akishamaliza chai ya asubuhi anawasha lile redio lake kubwa, analifungulia mpaka vikombe vinatembea kabatini. Mimi na yeye tumegawanywa na pazia tu, unajua, yeye sebuleni, mimi na cherehani upande wangu. Mteja akija kupimwa namuuliza kiuno ananijibu kifua. Wawili wamehamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na sikuwalaumu. Nikimwambia apunguze, anapunguza. Nikifungua mdomo niongee jambo la maana, redio imepanda tena!

Mwanangu, mimi na baba yako tumegombana maisha yetu yote, lakini tulikuwa tunagombana na kupatana. Siku hizi kupatana hakupo. Naogopa tutafika pabaya. Sitaki makubwa, nataka tuzeeke tukiongea kama watu.

Sasa wewe si ndiye unayeuza vile vitu vya kuvaa masikioni? Nitafutie vya baba yako, vizuri lakini visivyoniachia aibu ya bei, pamoja na kimashine kidogo cha muziki cha kutia mfukoni. Kisiwe na mambo mengi, unamjua mwenyewe. Nimeandika kwa sababu simu ni yake, na ukipiga anaiweka sauti ya nje tusikie wote. Ningeyasemaje haya mbele yake? Dereva wa lori la vifurushi atakuletea barua hii mkononi, na jibu umpe yeye.

Ni mimi mama yako, ninayepigiwa muziki.

*

14 Februari

Mama yangu,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia. Kifua kimepona, asante, ule mchanganyiko wako wa tangawizi umenichoma koo lakini umefanya kazi. Mgongo nao vipi? Tafuta kiti chenye egemeo, mama, hicho kigoda kitakumaliza. Barua yako nimeisomea kaunta, nikacheka mpaka meneja akaniuliza nimeshinda bahati nasibu ya wapi.

Haya, leo wewe ni mteja wangu, nisikilize. Watu wengi wananunua hedifoni kwa macho. Wanaangalia boksi, wanaangalia rangi, wanauliza, "Zina besi?" Zinazopigapiga besi ndizo mbaya kuliko zote, mwimbaji anasikika kama anaimbia ndani ya tangi la maji. Mimi nina kipimo changu. Naweka wimbo wa zamani ninaoujua vizuri, nasikiliza mwimbaji anavyovuta pumzi kabla ya kuanza mstari. Pumzi ikisikika, hapo kuna kitu. Isiposikika, rudisha kabatini.

Vile vidogo vya kuchomeka tundu la sikio sikuvitaka, baba angevipoteza kwenye makochi wiki ya kwanza. Za waya wa bei rahisi nazo zinakatika pale kwenye chomeo, kila siku wateja wananirudishia. Zenye jina kubwa, nusu ya hela unalipia jina. Nikashuka rafu ya chini, ile ambayo hakuna anayeinama kuitazama, nikapata za kufunika sikio lote, mito yake laini na ikichakaa inabadilishwa, na zina dhamana. Nimezivuta mpaka mwisho nikamvalisha mlinzi wetu mwenye kichwa kikubwa. Zikamkaa. Kichwa cha baba unakijua, kofia zote zinamkataa.

Nilimpigia, nikamwambia ni zawadi ya kustaafu. Alifurahi kama mtoto! Akaomba ziwe zile zinazofunga kelele kabisa, eti cherehani yako inamtoboa ubongo. Basi hizi zinafunga. Nilisimama nazo kando ya jenereta la duka, nikaliona linatikisika lakini sikulisikia. Lakini usiogope, nimekufikiria na wewe. Upande wa kulia kuna kitufe. Akikibonyeza, anamsikia mtu anayeongea naye bila hata kuzivua. Kusema kweli nimezichagua kwa ajili ya kitufe hicho.

Kimashine cha muziki kina vitufe vya kushika kwa kidole, si kioo cha kupapasa, na hakihitaji intaneti. Betri yake inavumilia. Nimekijazia nyimbo zake zote za ujana. Hedifoni zinashika pia na simu, bila waya, nimemwandikia maelekezo kwa herufi kubwa.

Msalimie, na mpatane sasa.

Kasuku wako.

*

2 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba, marahaba tena. Unaendeleaje? Mgongo umetulia, kiti nimepata. Mzigo ulifika salama. Mbona hukuniambia ni kizuri hivyo?

Ungemwona baba yako. Alikaa mlangoni na yale maelekezo yako, miwani puani, akayasoma kama anasoma mkataba. Alipozivaa tu akaniita, "Mama Kasuku, njoo usikie, mpiga gitaa anakuna nyuzi!" Akanivalisha na mimi. Kweli nilimsikia mpiga gitaa anakuna nyuzi. Tulicheka, mwanangu. Sijui mara ya mwisho tulicheka lini humu ndani.

Sasa nyumba imetulia. Nashona nikisikia mkasi wangu mwenyewe. Wale wateja wawili wamerudi, mmoja ameniletea kazi ya sare za shule nzima. Baba yako anakaa pale dirishani, anatikisa kichwa peke yake kama mjusi. Majirani wameuliza kama amesafiri.

Mungu akuzidishie. Mtoto ana akili huyu, sijui kazitoa kwa nani, kwa baba yake hapana.

Mama yako mwenye amani.

*

15 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, miguu tu inavimba kwa kusimama. Natumaini sare zinakwenda.

Barua yako nimewasomea wenzangu wote wa dukani, hata mlinzi. Juzi nimeongea na baba kwenye simu, sauti yake safi kama amekaa pembeni yangu. Nilimwambia akusalimie, akasema hapohapo kwamba ameshafikisha. Kazi imetubana, nitaandika vizuri nikipata nafasi.

Kasuku.

*

20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Miguu inavimba bado? Iloweke kwenye maji ya chumvi ukirudi kazini. Mimi naendelea, hivyohivyo.

Salamu zako sikufikishiwa. Na hapo ndipo nataka tuongee. Zamani ukipiga, sauti ilikuwa inajaa sebule nzima, nakusikia ukicheka, nadakia kutoka kwenye cherehani. Sasa simu inaingia masikioni mwake moja kwa moja. Namwona tu anacheka mwenyewe dirishani. Nikimuuliza ni nani, ananinyooshea kidole kwamba ningoje. Akimaliza anasema, "Kasuku. Mzima." Basi. Maneno mawili ndiyo fungu langu kwa mwanangu.

Anazivaa tangu anaamka. Anakula nazo. Namwekea chakula, anatikisa kichwa. Namwambia chumvi imeisha, anatikisa kichwa. Wiki iliyopita nikamjaribu. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Baba Kasuku, kuna nyoka kwenye kiatu chako." Akasema, "Sawa, asante." Nilicheka, halafu nikajikuta machozi yananitoka juu ya sare za watoto wa watu.

Jamani, bora lile redio! Lile nilikuwa naligombeza, naye ananijibu, basi siku inapita tumesemeshana. Sasa nimgombeze nani? Mwambie wewe. Wewe anakusikia.

Mama yako.

*

28 Aprili

Mama,

Shikamoo, na pole. Maji ya chumvi yamesaidia.

Nyoka kwenye kiatu! Mama, utaniua mimi. Lakini kweli si wewe uliyeniomba nyumba itulie? Sasa imetulia unalia. Mzee kafanya kazi miaka yote kwenye zile mashine, mwache astarehe kidogo, atazizoea na ataziweka chini. Kila mwenye kitu kipya yuko hivyo, hapa dukani tunawaona. Mwambie abonyeze kile kitufe cha kulia ukitaka kuongea naye, labda amekisahau.

Na kama upweke unazidi, nikutumie na wewe za kwako? Kuna nyepesi, rangi ya maziwa, unashona huku unasikiliza. Bei yake nzuri mwezi huu.

Kasuku wako.

*

10 Juni

Mama,

Shikamoo. Uko salama? Hujanijibu, na nimemuuliza dereva wa lori mara mbili, anasema hakupewa kitu. Nimempigia baba, anasema wewe ni mzima, umebanwa na sare. Nikasema nipe niongee naye, akasema uko kwa mteja.

Umenikasirikia kwa yale niliyoandika? Nilikuwa natania, mama. Unanijua domo langu. Niandikie hata mistari miwili, hata unitukane.

Kasuku.

*

8 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mimi siandiki kwamba sijambo, maana ningekuwa nakudanganya, na kudanganywa umeshadanganywa vya kutosha.

Sikuwa kwa mteja. Nilikuwa kitandani, mguu una plasta mpaka gotini.

Ilikuwa mwezi wa tano. Nilipanda kwenye stuli kushusha mfuko wa vitambaa juu ya kabati, stuli ikateleza. Nilisikia mguu unalia kabla sijahisi maumivu. Nikamwita baba yako. Niliita "Baba Kasuku", nikaita tena, nikapiga kelele. Mwishowe nilimwita kwa jina lake lenyewe, ambalo sijalitamka tangu wewe uzaliwe. Pazia letu halifiki sakafuni, unalijua. Nilikuwa nimelala chini nikiiona miguu yake. Ilikuwa inapiga mdundo.

Aliyenikuta ni mama mmoja aliyefuata sare ya mwanawe. Yeye ndiye aliyemtikisa bega. Baba yako alipokuja akaniona alilia, sitamnyima haki yake. Alinibeba, akanifikisha hospitali, akalala kwenye benchi. Kwa siku chache zile hedifoni zilikaa kabatini, nikasema haya, labda mguu wangu umevunjika kwa faida.

Zimerudi. Ananiletea chakula kitandani amezivaa. Ananigeuza amezivaa. Nikisema asante, anatikisa kichwa.

Uliniandikia labda amekisahau kitufe. Sikiliza. Rafiki yake kinyozi alikuja kuniona mgonjwa. Hata hajakaa, baba yako akapeleka kidole sikioni, tik! Wakaongea mpira, wakaongea bei ya nyama, wakacheka, nikawasikia kutoka kitandani. Kinyozi akaaga. Mlango haujafunga vizuri, tik. Nikamwita nimwombe maji. Kimya.

Kitufe anakijua, mwanangu. Anakijua vizuri sana.

Mama yako.

*

16 Julai

Mama, mama yangu,

Shikamoo. Sijui hata nianzie wapi. Barua yako nimeisomea stoo, nimekaa juu ya maboksi ya hedifoni zilezile, nimelia mpaka mwenzangu akaja kunitafuta. Pole, mama. Pole sana. Mguu unafunga? Daktari anasemaje? Nani anakupikia?

Nimempigia. Nilimuuliza kwa nini alinificha. Akasema hakutaka kunipa presha nikiwa mbali. Nikamwambia nipe mama sasa hivi. Akasema, "Ngoja," nikasikia hatua zake, halafu akasema umelala. Ulikuwa umelala kweli? Akaniambia unakuza mambo. Nilimkatia simu. Baba yangu! Sijawahi.

Sikiliza, nimefikiria. Duka limeleta aina mpya, zinakaa mbele ya sikio, tundu linabaki wazi. Mtu anasikia muziki na kila kitu cha nje, hata akitaka asisikie hawezi. Nitazilipia mimi, nimtumie, zile za mwanzo anirudishie.

Lakini kwanza ongea naye, mama. Mwambie azivue, mara moja tu, akae chini akusikilize mpaka mwisho. Si mtu mbaya. Labda hajui unavyoumia. Mwambie yote, nakuomba, kabla hujaamua lolote. Likizo yangu nimeomba, nasubiri meneja.

Mwanao.

*

5 Septemba

Mwanangu Kasuku,

Habari za huko? Umepata likizo? Mguu umefunga, natembea na fimbo, nikichoka nakaa. Usinililie tena kwenye stoo, wateja watakuona una macho mekundu wadhani bidhaa ni mbovu.

Nilifanya ulivyosema. Nilisubiri plasta itoke, kwa sababu sikutaka anisikilize kwa huruma. Nikaenda sebuleni kwa miguu yangu, nikamgusa mkono, nikamwonyesha azivue. Akazivua bila ubishi, akaziweka mezani, akakaa kitako mikono magotini kama mtu aliyeitwa ofisini. Nikasema yote. Nikasema kuhusu stuli, na kinyozi, na simu zako ninazoziona tu kwa macho. Nikamwambia nilikuomba wewe vitu vile ili mimi na yeye tupate kuongea. Hakunikatiza hata mara moja. Sijawahi kusikilizwa vile, mwanangu, ndani ya ndoa yangu yote. Nikajiambia, kumbe Kasuku alikuwa sahihi.

Nilipomaliza alizitazama zile hedifoni mezani. Halafu akasema, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira:

"Mama Kasuku, kule kiwandani mashine zilikuwa zinanguruma kutwa. Hakuna aliyeweza kuniongelesha. Nilipapenda. Nilipostaafu nikakuta humu ndani unaongea tangu asubuhi. Lile redio nilikuwa nalipandisha ili nisikusikie. Wewe ukawa unaumia. Hizi angalau hazikupigii kelele."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo hata ningeita namna gani, usingesikia?"

Akasema, "Siku ile ya mguu ningejua, ningekuja. Kwa hilo nisamehe. Lakini hayo mengine, sina la kukudanganya."

Alidhani ananifanyia hisani, unaelewa? Basi mimi, mwenye maneno tangu asubuhi, nikainuka. Nilirudi upande wangu wa pazia nikamalizia vifungo vya shati la mtu.

Kwa hiyo usitume zile za kuacha sikio wazi, usipoteze hela yako. Ulichagua vizuri. Kitu chako hakina kasoro, kinafanya kazi ileile aliyotaka mwenyewe. Wala usiache kumpigia, ni baba yako, na wewe anapenda kukusikia. Hilo nalo limeniuma, siwezi kukuficha, lakini limeniuma mimi, wewe halikuhusu.

Nimepanga chumba mtaa wa pili, nyuma ya duka la vitambaa. Kina dirisha zuri la kushonea. Mwenye nyumba ni mjane, mcheshi, jana tumeongea mpaka nikaunguza mchuzi. Nimenunua na simu yangu, namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kitanda niliacha. Cherehani nilichukua.

Baba yako alinisaidia kuihamisha. Alikodi mkokoteni, akausukuma mwenyewe, mimi pembeni nimeishika cherehani isipinduke. Hakuvaa kitu masikioni, barabara ina magari na mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Akasema, "Kuna shimo hapo." Nikasema, "Nimeliona." Akasema, "Subiri gari lipite." Nikasema, "Haya, twende." Akauliza mguu unauma, nikasema kidogo. Akauliza tupumzike? Nikasema tupumzike. Tukakaa kwenye ukingo wa mtaro, akaniuliza hiyo shule imeagiza sare ngapi mwaka huu, nikamwambia, akasema, "Nyingi hizo, utaweza peke yako?" Nikamwambia nitaweza. Tukainuka.

Mtaa wa pili ni karibu, Kasuku. Tulipofika mlangoni nilikuwa natamani kimoyomoyo chumba kingekuwa mbali zaidi.

Mama yako.